Malalamiko Dhidi ya Mwalimu Anayewauliza Mabinti Zetu Wanataka Nini

Valerian Nkwabi,
Karani wa Mizani, Chama cha Msingi cha Ushirika,
Masumbwe, Wilaya ya Kahama.
25 Juni 1986

Kwa Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,
Shinyanga.

YAH: MWALIMU EPIFANIA NA HASARA ALIYONISABABISHIA

Ndugu Afisa,

Pokea heshima zangu. Mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Nimesimama kwenye mizani ya pamba miaka kumi na tisa, nimetukanwa na wakulima wa kata nzima, na sijawahi kumwandikia mkubwa yeyote hata mstari mmoja. Ukiona leo nimechukua karatasi ya chama na kalamu ya chama, ujue jambo limenifika shingoni.

Jambo lenyewe ni hiki kitu mnachokiita ushauri nasaha.

Nimesikia kwamba ulitoka waraka kutoka juu, kwamba kila shule ya sekondari iwe na mwalimu wa kuwashauri wanafunzi. Waraka siupingi. Nyaraka nyingi zimekuja hapa Masumbwe, zote tumezipokea kwa mikono miwili, tukazibandika ukutani, na hakuna aliyedhurika. Kosa la shule ya wasichana anayosoma binti yangu Limi, Kidato cha Tatu, ni kwamba wao waraka huu waliutekeleza. Wakamteua Mwalimu Epifania wa Jiografia, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye ukipishana naye njiani huwezi kudhani ana madhara. Madhara yake nitayataja kwa namba ili iwe rahisi kwako kumwadhibu.

1. Anauliza.

Mwezi wa tano nilimwandikia Limi barua. Nilimfahamisha, kama baba anavyofahamisha, kwamba likizo ya mwezi wa sita ataolewa na Ndugu Makoye wa Rwamgasa, mwenye maduara matatu, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, Land Rover moja na wake wawili, wote wana afya. Umri wake ni wa mtu mzima, jambo nililoliona kuwa faida, maana utundu ameshaumaliza. Nilimwagiza binti afunge sanduku lake lote, asiwaambie walimu, na mimi mwenyewe ningeandika baadaye kwamba ameshikwa na homa isiyopona. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, yenye mapenzi.

Binti alipoisoma akaacha kula. Siku tatu akakaa darasani akitazama ubao uliokwisha kufutwa. Shule za zamani, zile tulizozijua sisi, zingemtibu kwa viboko vinne na jembe, na siku ya nne angekula mpaka ukoko. Mwalimu Epifania yeye alimwita chumbani, akamkalisha kwenye kiti (kiti, Ndugu Afisa, mtoto kwenye kiti mbele ya mwalimu) akamwuliza, "Limi, una nini?"

Limi akajibu vizuri, kama nilivyomlea: "Sina kitu, mwalimu."

Hapo mtu mwenye kazi zake angeridhika. Mwalimu huyu akanyamaza. Nimeelezwa baadaye na Limi mwenyewe kuwa ndiyo mbinu yake. Anauliza, kisha ananyamaza, anakutazama kwa upole, wala haoni haya, mpaka kile kimya kikuchoshe wewe. Sijui ni chuo gani kilimfundisha. Mimi nikimnyamazia mkulima kwenye mizani, anajua nimeyaona mawe yaliyomo kwenye gunia lake. Mtoto naye akadhani hivyo hivyo, akatoa yote. Akatoa na barua yangu. Akalia. Kisha akaulizwa swali ambalo ndilo lililonitoa nyumbani kwangu na kunifikisha kwenye karatasi hii: "Na wewe, unataka nini?"

Limi ana miaka kumi na saba. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwuliza anataka nini, na alikuwa na afya nzuri kabisa. Akajibu, "Sijui, mwalimu. Sijawahi kufikiri." Jibu safi. Mwalimu akamwambia, "Basi nenda ukafikiri. Urudi Alhamisi."

Alhamisi ikafika na binti akawa amefikiri. Anataka kumaliza Kidato cha Nne. Halafu anataka kusomea miamba, eti ajue chini ya ardhi kuna nini kabla watu hawajachimba na kufukiwa. Nilicheka peke yangu. Kama ni dhahabu anaitaka, nilikuwa nimemtafutia mtu aliye nayo tayari. Kulikuwa na haja gani ya kusoma?

2. Ana mlango, na anaufunga.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya majembe. Sasa majembe yamelundikwa barazani yananyeshewa, na stoo imepakwa chokaa, imewekwa viti viwili na pazia la kanga. Shule ina wasichana mia tatu na kitu, na mwalimu wa nasaha ni huyo mmoja, tena ana vipindi vyake vya Jiografia kutwa nzima. Kwa hiyo anawasikiliza Alhamisi tu, tangu kengele ya mwisho ya masomo mpaka kengele ya chakula. Foleni inapinda nyuma ya jengo. Wapo wanaongoja wiki tano. Limi mwenyewe aliitwa upesi kwa sababu msichana aliyekuwa na nafasi hiyo alifukuzwa shule kwa mimba kabla zamu yake haijafika. Hapo ninyi wakubwa nawapongeza. Tatizo likiachwa kwenye foleni muda wa kutosha, linaondoka lenyewe na ndoo yake.

Nilipopata habari kwamba binti ameitwa chumbani, nilifunga safari ya siku nzima mpaka shuleni kuuliza mwanangu alisema nini humo ndani. Mwalimu akanionyesha kiti kile kile. Nikakikataa, nikasimama.

"Baba Limi," akasema, "aliyoniambia ni yake. Muulize mwenyewe."

Nimuulize mwenyewe! Mimi nimemnunulia sanduku, godoro, ndoo na sare mbili, halafu maneno yaliyomo ndani yake yawe yake? Mimi gunia nikilipokea nalipokea na kilichomo.

Limi akaitwa. Akapiga magoti pale pale sakafuni. "Shikamoo, baba." Nikaitikia marahaba. Akasema, "Baba, sitaki kuolewa na Makoye. Naomba unisamehe." Kisha akaniuliza kama mama yake amepona mguu.

Hapo ndipo utakapouona uharibifu wenyewe. Angenitukana, ningejua la kufanya. Angepiga kelele, ningepiga zaidi yake, nina kifua. Lakini mtoto anayekukatalia huku amepiga magoti, tena anauliza habari za mguu wa mama yake, unamshika wapi? Nilimwambia mguu unaendelea vizuri. Nikarudi Masumbwe, na njiani nikaamua harusi iendelee kama ilivyopangwa.

3. Anasafiri.

Mwalimu mwenye adabu likizo hukaa kwake. Huyu, Ijumaa ya kwanza ya likizo, alishuka hapa kutoka juu ya lori lililokuwa likirudi kutoka jineri, kule pamba inakochambuliwa. Alikaa juu ya magunia matupu pamoja na Limi, wote wawili wekundu kwa vumbi mpaka kope. Makoye na wazee wake walikuwa waje kesho yake. Nilikusudia kumfukuza mwalimu pale pale mlangoni. Lakini alikuwa ameshapiga hodi, ameshaniamkia shikamoo ingawa tunalingana, na mke wangu alikuwa ameshampa maji ya kunawa. Mgeni akishanawa humfukuzi. Naomba waraka ujao uwakataze walimu wa nasaha kunawa katika nyumba za wazazi.

Akala michembe yetu, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, akaisifu, akaenda jikoni kumshukuru Mama Limi. Na huko jikoni akauliza.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa ukuta wa jiko. Sikuwa nasikiliza. Kigoda changu hukaa pale.

"Mama Limi, na wewe ulisoma wapi?"

Kimya. Kile kimya chake. Kisha mke wangu Nyamizi, mwanamke niliyeishi naye miaka kumi na minane nikijua kila kilichomo kichwani mwake, akasema alifika darasa la tatu, misheni ya Ushirombo. Alikuwa wa kwanza katika hesabu. Siku moja katikati ya mwaka baba yake alikuja na baiskeli, akamtoa darasani. Wakati huo alikuwa ubaoni, kwa hiyo alifika nyumbani na chaki mkononi.

"Ilikuwa hesabu gani?" mwalimu akauliza. Ona swali hilo!

"Mia nne hamsini na sita, gawanya kwa kumi na mbili," akasema mke wangu. Halafu akasema, "Thelathini na nane." Wakacheka wote wawili, kisha wakaacha kucheka.

Miaka kumi na minane! Kumbe jioni zote hizo nilizokuwa nikihangaika mezani na hesabu za pamba, nafuta naandika, nafuta naandika, mtu mwenye jibu alikuwa anaosha sufuria nyuma yangu. Na nikikosea alikuwa anaona. Nyumba ilikuwa na amani. Sasa najua jambo ambalo sikuwa na haja ya kulijua, na kila nikishika kalamu naona aibu kwa mtu ambaye zamani sikumwonea aibu.

Nyamizi akatoka jikoni, akasimama mbele yangu, akakausha mikono kwa kanga.

"Baba Limi, mtoto haendi Rwamgasa."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi."

Akarudi kusonga ugali. Sauti ile sijawahi kuisikia nyumbani kwangu. Nilitazama mara mbili kuhakikisha ni yeye.

4. Haheshimu hata wakwe.

Jumamosi Makoye alifika na Land Rover, na wazee wawili, na nyuma ya gari mabati yamefungwa kwa kamba. Masumbwe nzima iliyaona. Wewe unajua mabati yalivyo adimu miaka hii, Ndugu Afisa. Watu hapa wameyasikia redioni tu. Upande wangu alikaa kaka yangu mkubwa, Otmar. Nilimwamuru mwalimu akae ndani, na nitasema ukweli, alikaa. Ni Makoye mwenyewe, kwa ukarimu wake, aliyesema, "Nasikia mwalimu wa binti yupo. Aje basi tumwone."

Akaja. Akasalimia wazee kwa heshima zote. Akaomba ruhusa ya kuuliza swali moja, moja tu. Wale wazee wakacheka, wakasema mwalimu aulize, ndiyo kazi yake.

"Ndugu Makoye, binti mwenyewe umeshamwona?"

"Nimemwona," akasema Makoye. "Mnadani, mwaka jana. Nampenda sana."

Wakati huo wasichana wawili walikuwa wanawaletea wageni maji ya kunywa: Limi, na Esta, binti wa kaka yangu Otmar, aliyekuja kusaidia kupika. Makoye akanyoosha kidole. "Si huyo hapo?"

Alikuwa anamwonyesha Esta.

Nataka kutenda haki. Makoye ameingia chini ya ardhi miaka mingi, na vumbi la duara linaharibu macho. Tena wasichana walikuwa wamejifunga kanga za doti moja. Mtu yeyote angekosea. Mzee mmoja akamnong'oneza sikioni, na Makoye akacheka vizuri tu, bila wasiwasi, akasema, "Basi yule mwingine. Au hata huyu. Yeyote, ni sawa tu."

Ndugu Afisa, mimi ni karani wa mizani. Kazi inayonilisha ni kusema gunia hili si lile. Nimegombana na watu wazima mpaka kushikana mashati kwa ajili ya robo kilo. Nikasikia neno hilo, "yeyote", limedondoka uwanjani kwangu. Nikamtazama Limi, amesimama na kata ya maji, hakutikisika, kama mtu aliyekuwa ameshalijua. Ndipo nikasikia mtu anasema kwa sauti kubwa, "Makoye, chukua mabati yako uondoke."

Nikageuka nione ni nani huyo asiye na adabu. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Sikubali kuwa maneno yale ni yangu. Mdomo ulikuwa wangu, hilo mashahidi wapo, lakini maneno lazima yalitoka kwa mwalimu, ambaye alikuwa amesimama hatua kama sita kutoka nilipo, amenyamaza. Land Rover iliondoka na mabati yakigongana mpaka yalipopita soko. Nyumba yangu ni ya nyasi hadi hii leo. Ng'ombe niliokuwa nimeshawapangia zizi wako Rwamgasa wanakula majani ya watu wengine. Otmar aliondoka bila kuaga na hajanisalimia tena. Ukiuliza ni nani aliyevunja ukoo wetu, sitakuonyesha mtu mrefu.

5. Anawauliza hata wanaume.

Hili ndilo kosa lake kubwa kuliko yote, na naliandika kwa shida.

Lori la kumrudisha lilichelewa kupakia. Mwalimu alikaa barazani kwangu akilingoja, na mimi nikakaa, maana baraza ni langu. Akaniuliza, "Na wewe, Baba Limi, unajisikiaje?"

Mimi! Mtu wa miaka arobaini na moja, mjumbe wa halmashauri ya chama cha ushirika, nina ndevu. Nikamjibu kuwa najisikia vizuri. Akanyamaza.

Mbinu ile nilikuwa naijua. Nikaamua kumshinda. Nikatazama barabara. Nikahesabu mbuzi wa jirani. Nikakohoa. Yeye ametulia tu, mikono mapajani, kama mtu mwenye siku nzima. Sijui ilikuwaje, nikajikuta namweleza habari za mdogo wangu Justina.

Huyo Justina ndiye niliyemfundisha kuandika jina lake, kwa kijiti, kwenye majivu. Aliozwa upande wa Geita, kwa mchimbaji, ana miaka kumi na mitano, mwaka huo huo nilioajiriwa mimi. Baada ya miezi mitatu akarudi nyumbani kwa miguu. Nyayo zimevimba. Hakueleza kitu, alisema tu anataka kukaa. Baba akaniita akasema, "Mrudishe." Nilikuwa mtu mzima, nina mshahara na baiskeli ya chama, ningeweza kusema neno. Nikampakia nyuma. Njia nzima hakuzungumza, nami sikumwuliza. Nilikuwa nawaza tairi la nyuma lililokuwa linapungua upepo. Tulipofika akashuka, akakung'uta kanga yake, akaniambia, "Wabeja, kaka. Umechoka." Wabeja, yaani asante. Masika iliyofuata alifariki katika uzazi, yeye na mtoto.

Kwa miaka kumi na tisa habari hiyo sikumwambia mtu, na ilikuwa imekaa mahali pake haimsumbui mtu. Sasa nimeisema kwa sauti, barazani, mchana kweupe. Tangu siku ile nikiona baiskeli imebeba msichana nyuma nageuza uso, na kwa barabara hii ya Masumbwe nageuza uso kutwa nzima, shingo inaniuma. Dereva alipiga honi mara mbili. Mwalimu hakuinuka mpaka nilipomaliza. Na unajua alinishauri nini? Hakunishauri kitu! Mwalimu wa ushauri, analipwa na Serikali kwa ushauri, na ushauri hakutoa. Alisema tu, "Asante kwa kuniambia," akapanda juu ya marobota, akaenda zake.

6. Madhara yanaenea.

Wanawake wa majirani sasa wanakuja jikoni kwangu kuuliza yule mwalimu atarudi lini. Mke wangu, kabla ya kupika, ananiuliza ninataka kula nini, nami nabaki nimeduwaa, maana sikuwahi kuulizwa. Limi anamwandikia mama yake hesabu za kugawanya kwa mkaa kwenye ubao wa mlango, na mlango wangu umekuwa mweusi.

Juzi kwenye mizani alikuja mkulima mmoja, Ignas, ambaye kila msimu hunitukana kwa mpangilio, akianza na mizani na kumalizia na ukoo wangu. Nilikuwa nimejiandaa. Badala ya kunitukana akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Karani, si wewe uliyemrudisha Makoye? Mimi binti yangu wa Kidato cha Kwanza hasemi na mtu tangu arudi likizo. Nifanyeje?" Nyuma yake watu kumi na watano wana pamba vichwani. Mimi nipime pamba au nipime binti yake? Na si yeye peke yake. Wanakuja na robota moja la pamba na mambo ya nyumbani marobota matatu. Foleni yangu sasa inapinda nyuma ya ghala. Kazi ya ushirika inazorota, Ndugu Afisa, na chanzo unakijua.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima yafuatayo:

(a) Mwalimu Epifania ahamishwe haraka, apelekwe mahali pasipo na wasichana, wala mama zao, wala baba zao.

(b) Kiti cha pili kiondolewe chumbani mwake na majembe yarudishwe stoo, penye heshima yao.

(c) Kumnyamazia mwanafunzi au mzazi baada ya kumwuliza swali kuingizwe katika makosa ya nidhamu ya walimu, pamoja na ulevi.

(d) Ikiwa lazima waraka utekelezwe, mabinti washauriwe na kamati ya akina baba, watu wanaowajua tangu kuzaliwa na ambao hawana haja ya kuwauliza kitu. Niko tayari kuwa mwenyekiti. Vikao vitakuwa vifupi sana.

Nisalimie karani wako wa masjala atakayeifungua barua hii, dereva wako, mama watoto, na watoto wote, hasa wa kike kama Mungu amekujalia. Mama Limi naye angekusalimu, ila hajui ninachokuandikia. Ameniona na karatasi akaniuliza, nikamjibu ni hesabu za pamba, akaniambia basi nikikwama nimwite.

Ni mimi mzazi niliyeonewa,
Valerian Nkwabi

Nyongeza, Jumamosi 28 Juni:

Barua hii imekaa siku tatu kwa sababu gari la posta halikupita. Juzi Makoye amerudi Masumbwe. Hakuja kwangu, amekwenda kwa kaka yangu Otmar, na mabati yale yale. Anamtaka Esta. Anasema tangu mwanzo alikuwa ni yeye. Otmar amekubali, na siku imepangwa. Esta ana miaka kumi na sita, yuko Kidato cha Pili katika shule ya wazazi. Shule hiyo haina mwalimu wa nasaha, haina foleni, haina hata stoo.

Jana nilimwita kwangu, maana mimi ni baba yake mdogo. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwuliza anataka nini, kisha nikanyamaza, nikamtazama kwa upole kama nilivyofanyiwa. Akalia. Nikaendelea kunyamaza. Akaendelea kulia. Kumbe baada ya kunyamaza kuna kinachofuata, na mimi sikijui, sikukisomea.

Kwa hiyo asubuhi hii tunaondoka na lori la pamba. Esta yuko mbele kwa dereva, Limi amekaa naye amemshika mkono, mimi nitakaa juu ya marobota. Mwalimu Epifania hata likizo huwa yuko kwenye nyumba yake ya shule, nimeulizia. Mama Limi amebaki kumngoja Otmar. Namwonea huruma Otmar.

Tafadhali msimhamishe. Na mwingine wa namna yake mpelekeni kwenye shule ya Esta, na mwingine kwenye ya binti wa Ignas. Wakipatikana wawili kwa shule moja, si vibaya. Chumba na viti ni juu yetu wazazi.

Ningeiandika barua hii upya, lakini karatasi za chama zimekwisha na dereva anapiga honi. Naomba uanze kuisoma hapa.